Ufundi ukubwani: hesabu ya nyumba kabla ya karo

Watu wengi wa miaka 35 hadi 50 hapa Pwani wameshapoteza kazi angalau mara moja, na si kwa uvivu wao. Mwaka 2014 Uingereza na nchi nyingine zilitoa tahadhari za usafiri, kampuni za Ulaya zikawaondoa wageni wao, na hoteli kutoka Diani hadi Malindi zikafunga milango au zikapunguza watu. Mizigo ilianza kupanda reli ya SGR mwaka 2018, na Agosti 2019 yakaja maagizo kwamba makontena ya kwenda bara yachukuliwe moja kwa moja hadi Nairobi. Madereva, matingo, makarani wa forodha na mama wauza chakula waliokuwa wakiwategemea waliona biashara ikiondoka mbele ya macho yao, na maandamano ya kila Jumatatu mjini Mombasa tunayakumbuka sote. Agizo lilisitishwa baadaye, na Septemba 2022 shughuli za kuondoa mizigo zikatangazwa kurudi Mombasa, lakini si kila aliyetoka alirudi. Katikati ya hayo yote ikaingia korona.

Ndiyo maana swali hili halikauki vibarazani: "Nina miaka arobaini na watoto wanne. Nataka kujifunza umeme, au friji, au kuchomelea vyuma. Nimechelewa?"

Umri si kikwazo kikubwa kama watu wanavyodhani. Kinachomrudisha mtu nyumbani mwezi wa tatu wa masomo ni unga. Anaanza kwa ari, karo ya muhula wa kwanza amelipa, kisha mwenye nyumba anabisha, mtoto anafukuzwa shule, na baba au mama huyu anaacha darasa ili akatafute kibarua cha siku mbili. Siku mbili zinakuwa wiki mbili, na hapo kozi imeisha. Kwa hiyo makala haya hayataanza na orodha ya vyuo. Yataanza na daftari.

Andika matumizi ya nyumba yako kwa mwezi bila kujidanganya: kodi, chakula, stima na maji, karo, nauli, dawa ya mama. Tuseme, kwa mfano tu, yanafika shilingi 30,000. Ukikaa darasani miezi minne bila kuingiza chochote, gharama yako ya kwanza ni 120,000 kabla hujalipa senti moja ya karo. Katika familia nyingi karo ndiyo sehemu ndogo ya gharama ya kusoma. Mwenye hesabu hii kichwani atachagua njia tofauti na yule anayeuliza tu "kozi ni pesa ngapi?"

Njia ziko nne

Ukisema unasomea ufundi, watu hufikiria chuo cha asubuhi hadi jioni kwa miaka miwili. Hiyo ni njia moja, na kwa mwenye familia mara nyingi ndiyo ngumu kuliko zote.

Vyuo tunavyo. Mombasa kuna Kenya Coast National Polytechnic, Likoni kuna Ahmed Shahame Mwidani, Voi kuna Coast Institute of Technology, upande wa Malindi kuna Weru, na wa kazi za baharini wana Bandari Maritime Academy. Chini ya hivyo kuna vituo vya ufundi vya kaunti, vile vilivyoitwa zamani poli za vijiji, ambavyo tangu ugatuzi wa 2013 vinasimamiwa na serikali za kaunti. Watu huvidharau bila sababu. Viko karibu na nyumbani, na kwa mzazi, chuo cha kutembea kwa miguu ni bora kuliko chuo chenye jina kubwa kinachokula saa tatu za njia kila siku. Anayevuka feri ya Likoni asubuhi na jioni anajua ninachosema.

Masharti ya kuingia yanategemea ngazi. Ngazi ya 6, ambayo ni diploma, huomba wastani wa C- katika KCSE; ngazi ya 5 huomba D; ngazi ya 4 iko wazi kwa mwenye cheti cha KCSE cha alama yoyote, na ya 3 ni ya chini zaidi. Nami nina diploma yangu, basi nisionekane mwenye husuda nikisema kwamba mtu mzima anayetaka kushika kazi ya mikono mapema hana haja ya kukimbilia diploma. Aanze chini, afanye kazi, apande akiwa na kipato.

Njia ya pili ni mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, ambayo ina kituo Mombasa. Huu ndio ule unaojulikana kama gredi: unaanza na Gredi III, kisha II, kisha I. Una sehemu ya nadharia na sehemu ya vitendo, na hufanywa kwa misimu. Uzuri wake kwa mwenye familia ni kwamba mtu anaweza kujifunza chini ya fundi, akiwa anapata chochote cha kutia mfukoni, kisha akaenda kutahiniwa. Haulizwi alisomea wapi kama anavyoulizwa anajua nini. Kabla ya kujiandikisha, uliza mambo mawili: vifaa vya sehemu ya vitendo unaleta mwenyewe au unapewa, na utatahiniwa katika kituo gani. Gharama ya vifaa imewashtua wengi wiki ya mtihani.

Njia ya tatu ni ya wale ambao tayari ni mafundi ila hawana karatasi: utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambao kwa Kiingereza hufupishwa RPL. Mwongozo wake uko chini ya KNQA, mamlaka inayosimamia sifa za masomo nchini, iliyoundwa kwa sheria ya 2014. Mwashi aliyejenga miaka kumi na tano hana sababu ya kukaa darasani kufundishwa kuchanganya saruji. Anakusanya ushahidi wa kazi zake, yaani picha, barua za wateja na vyeti vidogo alivyonavyo, anahojiwa, anafanya kazi mbele ya wakaguzi, kisha anapewa cheti kinacholingana na ujuzi wake au anaambiwa ni wapi pana pengo. Kama uko katika kundi hili, anza leo kupiga picha kila kazi unayomaliza.

Ya nne inasahauliwa kabisa, nayo inamhusu mtu ambaye bado ana ajira lakini anaona upepo unageuka. Waajiri nchini hulipa ushuru wa mafunzo wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na mwajiri anayefuata utaratibu wa NITA anaweza kurudishiwa sehemu ya gharama akimpeleka mfanyakazi mafunzoni. Mhudumu wa hoteli anayetaka kuhamia idara ya matengenezo ana hoja ya kumpelekea meneja: pesa hizi mnazilipa tayari. Atakataliwa pengine, lakini ombi la maandishi halina ada.

Hapa niseme jambo la historia kidogo, kwa kuwa vijana wetu wengi hawalijui. Technical University of Mombasa ilianza kama chuo cha ufundi cha Waislamu, MIOME, kilichochangiwa na Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na Mabohora, na kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951. Mwaka 1966 kikawa Mombasa Technical Institute, 1972 kikawa Polytechnic, na 2013 kikawa chuo kikuu kamili. Wazee waliochanga walitaka watu wa mwambao wajue umeme, mitambo, useremala na kazi za meli. Kuona aibu kushika koleo ni jambo tulilolizua sisi wenyewe baadaye.

Kalenda

Vyuo vingi hupokea wanafunzi Januari, Mei na Septemba. Mtu mwenye familia asichague mwezi kwa kuangalia tangazo la chuo peke yake.

Januari ndiyo mbaya kuliko yote. Shule za sekondari za umma hugawanya karo kwa uwiano wa 50:30:20, yaani nusu nzima ya karo ya mwaka inadaiwa muhula wa kwanza. Ongeza sare na vitabu. Miaka hii Ramadhani nayo inaangukia Februari na Machi, na baada yake ni nguo za Idi. Kuanza kozi yako mwenyewe katika miezi hiyo ni kujitafutia matatizo. Kuchomelea chuma umefunga, saa nane mchana, kwenye karakana ya mabati, linawezekana na watu wanalifanya, lakini si mwezi wa kujifunza jambo hilo kwa mara ya kwanza. Septemba, ambapo wazazi wanadaiwa ile asilimia 20, nyumba nyingi hupumua.

Hata hivyo kila kazi ina msimu wake. Aliye kibarua wa hoteli anajua kwamba masika, kuanzia Aprili hadi Juni, wageni hupungua na wengi huambiwa wakapumzike nyumbani. Huyo Mei inamfaa, kwa kuwa miezi ile hakuwa na kazi hata hivyo. Mvuvi anajua kusi. Bahari inapochafuka Juni na Julai, mashua ndogo hulala, na hapo ana wiki za kukaa kwa fundi wa injini za boti, ufundi ambao uko hatua moja tu kutoka kwenye kazi yake. Dereva wa tuktuk aliyekodi kwa siku anaweza kuendesha usiku na kusoma asubuhi, ila ajue kwamba mwili unalala saa ngapi ni hesabu pia. Mtu asiyelala hapaswi kugusa nyaya.

Mitaala ya sasa ya vyuo vya ufundi imegawanywa vipande vipande, kila umahiri ukipimwa peke yake. Uliza chuo waziwazi: nikimaliza kipande kimoja nikakosa muhula unaofuata, nitarudi nikiendelea au nitaanza upya? Majibu hayafanani, na jibu hilo lina uzito kuliko rangi ya majengo.

Jambo moja zaidi la kalenda. Kozi nyingi za chuo zina muda wa kwenda kujifunza kazini, unaoitwa atachimenti, na mara nyingi hauna malipo. Kijana wa miaka ishirini anayekaa kwa mamake anauvumilia. Wewe utakuwa na miezi kadhaa ya kufanya kazi ya siku nzima bila mshahara, tena ukilipa nauli. Uweke kwenye daftari tangu siku ya kwanza, maana ndipo wengi waliovuka darasa salama huanguka.

Anayetia saini

Kuna tofauti kati ya kujua kazi na kuruhusiwa kuifanya, na katika umeme tofauti hiyo ni pesa. Kenya Power haiunganishi nyumba mpya mpaka fundi mwenye leseni athibitishe kwa saini kwamba nyaya zimepitishwa na kupimwa ipasavyo. Leseni hiyo hutolewa na EPRA, na ina madaraja: C2 la chini kwa nyumba za kawaida za fezi moja, kisha C1, B, hadi A1. Sola ina leseni zake, T1 kwa mifumo midogo, T2 kwa ya kati yenye betri zaidi ya moja na inveta, na T3 kwa mikubwa, ikiwemo inayounganishwa na gridi. Mwombaji huonyesha vyeti na uzoefu, na huhojiwa.

Mitaani mwetu mambo huwa hivi: fundi asiye na leseni anafanya kazi yote, anapanda darini kwenye joto, anachimba ukuta, kisha anamwita mwenye leseni aje kutia saini na kuchukua fungu lake. Kuna waliokaa katika hali hiyo miaka kumi. Kwa mtu aliyeanza akiwa na arobaini, miaka kumi ya kutiliwa saini na mwenzio ni nusu ya maisha ya kazi yaliyobaki. Kwa hiyo, siku unayochagua mwalimu au kozi ya umeme, swali lako liwe: cheti hiki kinakubaliwa EPRA kwa daraja gani? Cheti chenye muhuri mzuri wa kozi ya wiki sita ambacho hakikubaliwi popote ni karatasi ya kufungia mahamri.

Friji na viyoyozi ni mfano mwingine, na kwa maoni yangu ndio ufundi unaomfaa zaidi mtu mzima anayeanza sasa hapa Pwani. Joto halituachi, hoteli, maduka ya dawa na wauza samaki hawana hiari, na chumvi ya bahari hula mapezi ya alumini ya mashine za nje kwa kasi ambayo mtu wa bara hataiamini. Kazi ya kurekebisha haiishi. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Gesi iliyozoeleka katika viyoyozi, R22, inaondolewa hatua kwa hatua chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, na kwa nchi kama yetu 2030 ndio mwaka wa kikomo. Marekebisho ya Kigali ya 2016 yameanza kubana na gesi nyingine zilizokuja baada yake. Mashine mpya nyingi zinatumia R32, ambayo inaweza kushika moto ingawa si kwa wepesi, na friji nyingi mpya za nyumbani zinatumia R600a, ambayo ni isobutani na inawaka kama gesi ya jikoni. Fundi mkongwe aliyezoea kuchomelea bomba bila kulimaliza gesi anajihatarisha, na anahitaji kujifunza upya kama wewe. Ufundi unapobadilika hivi, aliyetangulia miaka ishirini hakuachi mbali kama zamani. Ndivyo ilivyo pia kwa magari ya haibridi na kwa sola. Ufundi ambao haujabadilika, kama kupaka rangi, una foleni ndefu ya vijana wenye nguvu na bei ya chini mbele yako.

Chagua pia kwa mwili ulio nao. Kuweka tailizi ni kazi yenye soko, lakini hufanywa kwa magoti. Kiyoyozi cha ghorofa ya nne kina mashine ya nje inayobebwa begani. Na karibu na miaka arobaini macho ya karibu hupungua kwa kila binadamu, wakati namba zilizoandikwa kwenye kapasita hazijaongezeka ukubwa. Nunua miwani ya kusomea kabla ya kununua drili. Anayetaka umeme apimwe pia kama anatofautisha rangi: waya wa kahawia ni wa moto, wa buluu ni wa kurudi, wa kijani na manjano ni wa ardhi, na katika nyumba nyingi za zamani utakuta bado nyekundu, nyeusi na kijani kitupu. Kuna wanaume waliofika miaka hamsini bila kujua kwamba nyekundu na kijani kwao ni kitu kimoja.

Pesa

Mwanamume wa Pwani wa miaka 38 aliyepoteza kazi yuko mahali pa ajabu. Katiba inasema kijana ni wa miaka 18 hadi kabla ya 35. Mfuko wa vijana unafuata umri huo. Mradi wa NYOTA, unaolipia vijana mafunzo na uanagenzi, ni wa miaka 18 hadi 29, na 35 kwa wenye ulemavu. Asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na wenye ulemavu. Mkewe wa umri huohuo anaweza kujiunga na kikundi akaomba Women Enterprise Fund, ulioanza 2007. Yeye mwenyewe hana dirisha, isipokuwa mkopo wa Hustler Fund wa asilimia 8 kwa mwaka. Sisemi vijana na kina mama wanyang'anywe. Nasema mtu huyu ana watoto wanne nyuma yake, na anapozama, anazama nao. Hata fomu ya basari ina nafasi ya jina la mzazi na jina la mwanafunzi, na mzazi mwenyewe akijaza kama mwanafunzi, karani humtazama mara mbili.

Kisha kuna suala la riba, ambalo kwa wasomaji wengi wa hapa si dogo. Mkopo wa HELB hutozwa asilimia 4 kwa mwaka, na wapo wasioukubali kwa dini yao. Hao wana njia chache lakini zipo. Chama cha kupeana zamu hakina riba. Omba zamu yako iangukie mwezi wa karo au mwezi wa vifaa. Benki za Kiislamu zina murabaha, ambapo benki inanunua kifaa na kukuuzia kwa faida mnayokubaliana mapema, na hiyo inafaa kwa mashine ya kuchomelea au pampu ya kutoa hewa kuliko kwa karo.

Na iko zaka. Kamati zetu nyingi hugawa vyakula Ramadhani na kunyamaza mwaka mzima. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya mwambao huu, Imamu Nawawi anaeleza ndani ya Al-Majmu' kwamba fukara mwenye ufundi hupewa kiasi cha kumnunulia zana za ufundi wake. Mfuko mmoja wa vifaa vya umeme, wenye mita, koleo, bisibisi, drili na ngazi, unalisha nyumba muda mrefu kuliko magunia ya mchele ya thamani hiyohiyo. Mwenye kuhitaji alipeleke jambo hili kwa imamu wake baada ya kuwa na cheti mkononi, pamoja na orodha ya vifaa yenye bei za madukani. Ombi la namna hiyo ni rahisi kujibiwa kuliko "nisaidieni".

Nyumbani na darasani

Mazungumzo na mwenzi wako yafanyike kabla ya kulipa chochote, na yawe ya saa na siku. "Nitakuwa nasoma" si mpango. Nani atamchukua mdogo madrasa saa kumi na moja? Jumamosi, ambapo kozi nyingi za wafanyakazi hufanyika, watoto wako chuoni hadi adhuhuri, chuo hiki chetu cha Kurani, basi wanaporudi kutakuwa na nani? Ni kitu gani kitakatwa kwenye matumizi, na kwa miezi mingapi? Kama mke ndiye atakayebeba nyumba kwa biashara yake ya viazi karai, basi yeye ndiye mfadhili wa kozi, na ajulishwe matokeo kama anavyojulishwa mfadhili.

Akiwa mama ndiye anayesoma, mzigo huwa mara mbili, kwa sababu yeye haachiwi jikoni. Nimewahi kuzungumza na mjane wa Likoni aliyeanza kujifunza umeme baada ya eda, akiwa na watoto watatu. Alichosema kilinikaa: ndugu zake walikuwa tayari kumchangia cherehani siku hiyohiyo, lakini hakuna aliyetaka kusikia habari za nyaya. Alikuwa amehesabu washonaji kumi na wawili katika mtaa wake. Leo wateja wake wengi ni wanawake wanaokaa peke yao mchana, ambao hawapendi fundi wa kiume asiyejulikana aingie ndani wakati mume hayupo. Soko hilo lilikuwepo siku zote na hakuna aliyelihudumia.

Darasani utakutana na wenzako wa miaka kumi na tisa. Watakupa shikamoo, watakuita mzee, kisha watakuomba waige hesabu zako au wewe uombe zao. Mwalimu anaweza kuwa mdogo kuliko mtoto wa dada yako. Mwite mwalimu. Naye kwa kawaida atakuita Baba Fulani na hatakukaripia mbele ya watu. Asipokuwa hivyo, mweleze faraghani. Ugumu wa kweli uko kwenye mambo mawili. La kwanza ni Kiingereza cha maandishi, maana maelezo yote na mitihani mingi ni ya lugha hiyo, na aliyetoka shule miaka ishirini iliyopita husoma polepole. La pili ni hesabu: sehemu, asilimia, sheria ya Ohm, ukubwa wa waya kwa mzigo wake. Hili dawa yake iko nyumbani. Sheria ya Ohm hufundishwa sekondari, na mtoto wako aliye huko anaweza kukusaidia. Kaeni meza moja baada ya Isha.

Kisha, ukishapata cheti, usianze kwa kushindana na vijana wa mtaani kwa bei. Wewe una kitu wasichokuwa nacho, nacho ni watu. Karani wa zamani wa forodha anajua ni yadi zipi huweka makontena ya baridi na nani husimamia stima yake. Mhudumu wa hoteli anajua mameneja wa matengenezo kwa majina na wao wanajua kwamba hakuiba vijiko. Mmoja wa wahudumu hao, wa Kisauni, aliyetoka hotelini wakati wa korona akaingia kwenye viyoyozi, aliniambia kazi zake tano za kwanza zote zilitoka kwa watu aliowahi kuwapelekea chai. Mwaka wa kwanza alifanya chini ya fundi mwenye karakana, kwa makubaliano yaliyoandikwa ya fungu lake katika kila mashine. Wa pili akanunua pampu yake na geji zake, na simu zikaanza kumjia yeye moja kwa moja.